Kijana wa kujitolea akiondoka, mtoto anabaki na nani?

Wakazi wa Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, hawashangai tena wakikutana sokoni na kijana wa Kizungu mwenye begi mgongoni. Wilaya hii ya Mkoa wa Njombe imepokea vijana wengi wa kujitolea kutoka nje, na sababu inajulikana. Ukimwi uliondoa wazazi wengi, bibi wakabaki wakilea wajukuu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa Njombe bado inaongoza nchini: asilimia 12.7 ya wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, wakati kiwango cha taifa ni asilimia 4.4.

Vijana hao huja na moyo mzuri. Swali ambalo mzazi au mlezi anapaswa kujiuliza ni moja: wanakaa muda gani, na wanafanya nini katika muda huo?

Mipango inatofautiana. Peace Corps ya Marekani, iliyoanza kuleta vijana Tanganyika mwaka 1961, humweka kijana nchini kwa miezi 27, na mitatu ya mwanzo ni ya kujifunza Kiswahili na kazi. Mpango wa ICS, uliofadhiliwa na Serikali ya Uingereza kuanzia 2011, ulileta vijana wa miaka 18 hadi 25 kwa wiki 10 hadi 12, wakifanya kazi bega kwa bega na vijana wa Kitanzania. Wapo pia wanaojilipia wenyewe na kukaa wiki mbili tu.

Wiki chache zinatosha kumsaidia mwalimu kupanga maktaba au kuendesha mazungumzo ya afya shuleni. Hazitoshi kuwa mama wa mtu. Mtoto aliyefiwa na wazazi akibebwa na kubembelezwa kila siku na dada mgeni, humzoea. Dada akipanda basi la kwenda Njombe, mtoto anamuuliza bibi yake, "Bibi, dada atarudi lini?" Bibi hana jibu. Baada ya mwezi anakuja mwingine, na safari inaanza upya.

Wataalamu wa malezi wameonya kuhusu hali hii, hasa kwenye vituo vya kulelea watoto. Mtoto anayebadilishiwa walezi mara kwa mara anaweza kumkimbilia na kumkumbatia kila mgeni. Wageni huiona kama furaha, kumbe inaweza kuwa dalili ya mtoto asiye na mtu wake wa kudumu. Mwaka 2018, ilipotunga sheria yake dhidi ya utumwa mamboleo, Australia ilitambua kwamba wapo watoto wanaopelekwa vituoni ili kuvutia fedha za wageni. Hapa kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe zuri ni kazi ambayo mwenyeji ataiendeleza. Machi 2020, kwa sababu ya Uviko-19, Peace Corps iliwaondoa vijana wake wote duniani, karibu 7,000, kwa muda mfupi. Dawa za ARV ziliendelea kuhitajika kila siku, na waliobaki kuwakumbusha watoto kumeza ni bibi, walimu na wahudumu wa afya wa vijijini. Hao nao wengi hujitolea, ila hakuna anayewapiga picha.

Kwa hiyo mzazi, usione haya kuuliza. Je, uongozi wa kijiji au wa shule unamtambua kijana huyu? Ana kibali cha ukaazi daraja C, kinachotolewa kwa wanaojitolea? Mwenyeji gani anafanya naye kazi? Asikae na mtoto faragha, hata kama ni mpole kiasi gani. Asipige picha bila ruhusa yako, na asiirushe mtandaoni ikiwa na maneno yanayofichua afya ya mtoto. Sheria ya mwaka 2008 ya kudhibiti VVU na Ukimwi inalinda siri hiyo.

Akishaingia nyumbani kwako kama mgeni mwema, mpokee. Ila mwambie mtoto mapema, kwa lugha anayoielewa, "Dada yupo nasi mpaka viazi vivunwe, kisha atarudi kwao. Mimi nitakuwepo." Mtoto anayeijua siku ya kuagana hulia siku hiyo, lakini hataketi mlangoni wiki nzima akisubiri.