Mama anayekaa katika msitu wa Siberia

Wiki hii tunaenda mbali, kule Urusi, katika milima ya kusini ya Siberia, kando ya mto unaoitwa Erinat. Barabara hakuna. Kijiji cha karibu kiko mbali kilometa 250 hivi. Baridi ya Masisi tunaijua, lakini ya kule inagandisha mto.

Ndipo anakaa Agafia Lykova, aliyezaliwa humo msituni mwaka wa 1944. Wazazi wake walikuwa Wakristo wanaoshika desturi ya kale ya Warusi. Mwaka wa 1936, ndugu ya baba alipouawa kwa risasi, walichukua watoto wawili na mbegu, wakaingia porini. Watu husema walitafuta kimya. Hapana, walikimbia, na sisi tuliolala porini na watoto mgongoni hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka wa 1961 theluji iliua shamba. Jamaa ilikula maganda ya miti na ngozi ya viatu. Mama Akulina aliachia watoto chakula kilichobaki, akafa na njaa. Shina moja tu la nafaka ya mkate liliota. Walililinda mchana na usiku juu ya panya, likatoa punje 18, na kwa hizo wakaanza tena kulima.

Mwaka wa 1978 watafutaji wa madini waliona shamba lao kutoka helikopta. Mwaka wa 1981 kaka wawili na dada wa Agafia walikufa, na mwaka wa 1988 baba. Alipelekwa kuona miji na watu wa ukoo, wakamwambia abaki. Alikataa: maji na hewa ya huko vilimgonjesha.

Lakini tusidhani kwamba anachukia watu. Miaka mingi alikuwa na jirani, mzee wa mguu mmoja, mmoja wa wale watafuta madini, mpaka alipokufa mwaka wa 2015. Walinzi wa hifadhi humfikia na unga. Mwaka wa 2016 miguu ilimuuma, akaomba msaada, helikopta ikamchukua mpaka hospitali. Alipopona, akarudi kwake.

Katika mkutano tulibishana: huyu ni mpweke ao hapana? Wengi tulisema hapana, kwa sababu akiita, watu wanakuja.

Kisha mmoja wetu akataja yule mama mzee wa kartiye yetu. Yeye hakuingia msituni. Nyumba yake iko hatua ishirini tu kutoka robine, na kila asubuhi tunapanga bidoni mbele ya mlango wake. Tangu maneno ya uchawi yaanze, watoto wamekatazwa kumsalimia, na wakubwa nao wamenyamaza. Alipougua mwezi uliopita, tulijua siku ya nne.

Jumamosi, kisha soko, tutapita kwake na unga, sombe na makala. Anayetaka kuja atukute kwenye robine saa tisa. Aje na mtoto wake.