Tunazitia Rangi Picha za Wazee Wetu



Katika familia yetu hapa Kampala tuna shughuli ya jioni za Jumamosi: kuzitia rangi picha za zamani za nyeusi na nyeupe. Haina gharama kubwa. Picha tunaiskani kwa nukta 600 kwa kila inchi, kisha nakala tunaifungua katika programu ya GIMP, ambayo ni ya bure. Rangi tunaipaka kwenye tabaka la juu, ili mwanga na vivuli vya chini vibaki kama vilivyo. Kanzu ina tabaka lake, ngozi lake, nyasi lake. Picha yenyewe haiguswi, inarudi kwenye bahasha.

Zipo pia programu zinazofanya kazi hiyo zenyewe kwa sekunde chache. Tulijaribu moja kwa picha ya Idi iliyopigwa Kibuli, msikiti uliokamilika mwaka 1951 ukiwa nyuma ya watu. Programu ikampa marehemu dada yake Jjajja gomesi ya samawati. Ilipendeza kweli. Jjajja akaitazama, akasema: "Siku ile alivaa ya manjano. Mimi ndiye niliyemfunga mshipi."

Kati ya watu saba waliomo katika picha ile, Jjajja ndiye pekee aliye hai. Rangi ile imo kichwani mwake tu.

Filamu ya nyeusi na nyeupe hupokea kiasi cha mwanga, haipokei rangi. Samawati iliyopauka na manjano iliyokolea zinaweza kutoa kijivu kile kile. Filamu za zamani zaidi hazikuuhisi wekundu, kwa hiyo tarizi nyekundu ya kanzu ya Kiganda inaweza kutoka nyeusi. Programu hukisia kwa kufuata picha nyingine ilizofunzwa. Ikikisia vizuri, sisi tunaamini.

Hapo ndipo penye hatari. Aprili 2021, jarida la Vice lilitoa picha zilizotiwa rangi za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng, Kambodia, watu waliopigwa picha kabla ya kuuawa. Ikagundulika kwamba nyuso nyingine zilibadilishwa zikatabasamu. Jamaa zao waliumia, serikali ya Kambodia ikalalamika, na picha zikaondolewa. Sura ya marehemu ni amana.

Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha zilizotokana na hazina ya negativu zipatazo 70,000 za shirika la utangazaji la taifa. Picha za serikali zilipata wa kuzitunza. Za nyumbani kwetu hazina mtunzaji ila sisi.

Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu. Kwanza tunaketi na mzee na kuandika anachokumbuka. Rangi iliyothibitishwa tunaiandika chini ya nakala, na ya kukisia tunaandika "tumekisia", pamoja na mwaka tulioitia. Asiyekumbuka hatumlazimishi.

Wanafunzi, likizo ijayo mkienda kwa bibi na babu, chukueni simu ya kupigia picha zile, na daftari. Daftari litangulie, maana picha itakuwepo hata mwakani.