Gauni Limebanwa, na Damu Je?



Sisi ni mawifi wawili. Mmoja mzaliwa wa Unguja aliyeolewa huku Mara, mwingine Mkurya wa hapa hapa. Cherehani zetu ziko Tarime mjini, na wateja wengine tunao Mugumu, Serengeti, hivyo msimu wa harusi ukifika tunapanda basi na maboksi ya magauni. Kazi yetu ni vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu.

Leo tunamzungumzia dada yetu wa ukoo, ambaye ametupa ruhusa tuandike bila jina lake. Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Kisukari kilikuwa kimeanza, magoti yanauma, na daktari alimshauri hivyo. Si la kumcheka wala kumnong'ona. Matibabu ni matibabu.

Wengi huchanganya upasuaji huu na lile puto la kupunguza uzito ambalo Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, imejulikana kwalo. Puto huwekwa, kisha hutolewa. Tumbo likikatwa halirudi. Kwa aina moja ya upasuaji huondolewa robo tatu ya tumbo au zaidi. Kwa aina nyingine chakula hupitishwa njia ya mkato, kikaruka sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na hapo ndipo mwili huchukulia sehemu kubwa ya madini ya chuma na kalsiamu. Kwa hiyo unakula kidogo, na hicho kidogo hakichukuliwi chote. Ndiyo maana vidonge vya vitamini ni vya maisha yote, si vya miezi mitatu.

Alipoonekana amepona

Mwaka wa kwanza dada yetu alimeza vidonge vyake vyote. Tulimbania magauni mara nne, tukipiga vigelegele kila mara. Mwaka wa pili watu wakamwambia, "Umeshapona, hizo dawa za nini tena?" Zilikuwa ghali, akaacha. Kwa miezi kadhaa hakuna kilichotokea. Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, akipanda kilima cha nyumbani anahema, na vidole vya miguu vikaingia ganzi. Tulimsindikiza hadi Mwanza kwa vipimo. Damu ilikuwa chini, chuma kimekwisha, na vitamini B12 imeshuka.

Hapo ndipo penye mtego. Ini huweka akiba ya B12 inayoweza kukaa hata miaka. Unaacha vidonge, unajiona mzima, kumbe unakula akiba. Ikiisha, mishipa ya fahamu inaanza kuumia, na ukichelewa sana ganzi nyingine haiondoki. Dada yetu aliwahi. Alianzishiwa sindano za B12 na vidonge vya chuma, alhamdulillah leo anatembea vizuri.

Mambo tunayoyashika nyumbani

Vipimo vyake amepangiwa na daktari, na chako utapangiwa chako. Ila ujue viwango vinavyotajwa sana, uweze kuuliza: chuma miligramu 45 hadi 60 kwa siku kwa mwanamke anayepata hedhi, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, ikigawanywa mara mbili au tatu kwa sababu mwili hauchukui nyingi kwa mpigo, na vitamini D yuniti 3,000.

- Chuma na kalsiamu havimezwi pamoja. Viachanishe kwa saa mbili, maana vinazuiana.
- Chai nayo huzuia chuma. Ile chai ya rangi ya baada ya chakula isogezwe mbele. Meza chuma na maji ya limau au chungwa.
- Anza na protini, ugali mwisho. Tumbo dogo likijazwa ugali, hakuna nafasi ya kingine. Sisi tunamtengenezea dagaa wa Ziwa Victoria, tunamsagia na miiba yake. Humo mna protini, kalsiamu na B12. Nyinyi wa visiwani mna samaki, mshukuruni Mungu.
- Uji wa ulezi una kalsiamu nyingi kuliko wa mahindi. Ulezi uliooteshwa kimea kwanza ni bora zaidi, kwa sababu kuotesha hupunguza vile vinavyofunga madini.
- Kutapika mfululizo si "kawaida ya upasuaji". Vitamini B1 huisha upesi, ndani ya wiki chache tu, na ubongo unaweza kuathirika. Ukiona unatapika siku kadhaa, au macho yanaona mawili, au unayumba, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme ulifanyiwa upasuaji gani.
- Pima damu hata kama hujisikii vibaya: mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kila mwaka.

Sisi tunaojisitiri tuna jambo la ziada. Jua la huku ni kali, lakini haliingii ngozini kupitia baibui. Kaa kidogo uani penye faragha, mikono na miguu ikiwa wazi, na vidonge vya vitamini D usiviache. Na kwa anayejali halali, uliza duka la dawa kapsuli imetengenezwa kwa jelatini ya mnyama gani. Mara nyingi hupatikana vidonge vya kutafuna au vya kawaida.

Kwa bi harusi

Hapa tusikilizane. Baada ya upasuaji uzazi mara nyingi hufunguka, hata kwa aliyekuwa hapati siku zake vizuri. Lakini madaktari hushauri kusubiri mimba miezi 12 hadi 18, kwa sababu mwili bado unapungua na mtoto atanyang'anyana na mama hicho kidogo kilichopo. Basi lizungumzeni na mchumba kabla ya ndoa, si baada ya mkwe kuanza kuuliza. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visichukuliwe vizuri na tumbo lako jipya. Muulize mtoa huduma njia zisizopita tumboni, kama kijiti.

Ukishika mimba, mweleze muuguzi wa kliniki siku ya kwanza. Vidonge vya FEFO ni vizuri, lakini ndani yake hakuna B12. Foliki asidi inaweza kuinua damu ikaonekana nzuri huku upungufu wa B12 ukiendelea kuumiza mishipa ya fahamu. Asipojua historia yako, hatakupima.

Na Ramadhani

Muulize daktari kabla ya Shaabani kuisha. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na hiyo ni rehema, si aibu. Ukiruhusiwa kufunga, vitamini gawanya kati ya futari na daku, na maji uyanywe kidogo kidogo usiku kucha, yasichanganyike na chakula.

Futi kamba inapima kiuno. Haipimi damu wala mifupa. Siku hizi mteja akituambia amefanyiwa upasuaji, kabla ya kushika pini tunamuuliza: vidonge unameza? Mara ya mwisho umepima lini? Wapo wanaocheka, wapo wanaonyamaza. Anayenyamaza tunamwekea kiti, gauni linasubiri.

Mwenyezi Mungu atupe afya, na awape maharusi wetu ndoa zenye kheri na watoto wenye siha. Amin.