Mimi Ndiye Nilikuwa Mtoto wa Machi

Wasee, kabla sijaongea kuhusu klabu yetu, wacha niwape stori ya kalenda.

Nilikuwa darasa la tano. Kikundi fulani kilikuja shuleni kwetu na viatu. Tukapangwa foleni, tukaitwa mmoja mmoja. Picha ya kwanza ulipigwa ukiwa miguu mitupu, ya pili ukiwa umevaa. Viatu vilikuwa vyeusi, vinanukia upya. Nilifurahi, sitawadanganya. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimevibeba mkononi ndio visichafuke.

Mwaka uliofuata kalenda ikatoka. Mwezi wa Machi ulikuwa mimi, na picha waliyochagua ni ile ya kwanza. Kalenda zilienda kila mahali: ofisi ya mwalimu mkuu, kanisani, hata dukani pale senta. Mama alienda kwa mwenye duka akamwomba afungue Aprili mapema. Jamaa akamjibu, "Mama, wateja watachanganyikiwa na tarehe." Basi nikakaa kwa huo ukuta siku zote 31.

Shuleni wakaniita Machi. Viatu viliisha soli kufikia Agosti, lakini jina lilinifuata hadi kidato cha pili. Na mnajua kwetu kalenda ya zamani huenda wapi: inafunika vitabu. Januari ilipofika, jirani yangu wa dawati alikuja na kitabu cha hesabu kimefunikwa na mimi.

Miaka ikaenda. Nilipoingia chuo hapa Nakuru, rafiki akanivuta Rotaract. Kwa wale hawajui, hilo ni tawi la vijana la Rotary, lililoanza mwaka wa 1968. Rotary yenyewe ilianzishwa Chicago mwaka wa 1905 na wakili mmoja, Paul Harris, na klabu ya Nairobi ikazaliwa 1930. Mimi nilidhani ni mambo ya watu wa suti. Kumbe Jumamosi ya kwanza nilipewa ndoo na sabuni.

Hivyo ndivyo tunachanga pesa. Tunaosha magari, mia tatu moja. Tunauza fulana na kupanda Menengai kwa miguu, kila mtu na karatasi yake ya wadhamini. Halafu kuna ile orodha ya grupu ya WhatsApp: mtu anaandika jina lake na alichotuma, anayefuata anaongeza lake, hadi usiku. Nimeona mwenzangu ambaye bado ana deni la karo akiandika mia. Hao watu nawapenda, na ninawaambia hivi mjue hii si posti ya kuwachafua.

Kwa sababu niko na kamera, nilipewa kazi ya picha. Mwaka jana tukapeleka viatu kwa shule moja ya msingi nje ya mji. Nikapanga watoto foleni. Mimi mwenyewe, bila mtu kunituma. Mvulana mmoja akafika mbele, akaangalia kamera, halafu akaweka mguu mmoja juu ya mwingine, vidole amevikunja.

Manze, mkono ulikufa ganzi. Kwenye ile kalenda mimi nimesimama hivyo hivyo.

Nilizima kamera. Siku hiyo tulirudi na picha za maboksi tu, na Jumatano kwenye mkutano moto ukawaka. Mweka hazina wetu, ambaye ni rafiki yangu, hakuzunguka: "Posti ya mtoto miguu mitupu inaleta pesa. Posti ya boksi inaleta mioyo mitatu na mtu wa kuuliza bei. Ukilinda aibu ya mmoja, viatu vya wengine arobaini atanunua nani?"

Sikuwa na jibu. Bado sina jibu zuri. Niliwapa tu stori ya Machi, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge, grupu letu likanyamaza.

Dada mmoja anayesomea sheria akaongeza yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha zimo. Mwaka wa 2023 shule moja ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wengine hapo ndipo walishtuka, na ni sawa. Kila mtu na mlango wake wa kuelewa.

Tukakubaliana hivi. Hakuna foleni ya picha. Vitu vinapokelewa na mwalimu, na mzazi anavichukua ofisini kimya kimya. Tunaoonyeshwa ni sisi tunaochanga, fundi anayejenga, na risiti.

Sasa sehemu ambayo haipendezi. Mwaka huu shule ileile ilituomba tangi la maji. Tulipanga la lita 5,000, pamoja na mifereji ya paa. Tulihitaji 110,000. Tuliosha magari, tukapanda Menengai, tukaposti risiti na mikono yetu yenye povu. Tulifikisha 74,000. Tukanunua tangi la lita 3,000, na mwalimu ameniambia kiangazi kikikaza maji yanaisha kabla ya wiki kuisha. Mweka hazina hajasema "nilikwambia." Anajua hana haja.

Kwa hivyo siwezi kuwaambia heshima ni ya bure. Zile lita 2,000 zinanikata kila mvua ikinyesha. Lakini nikifikiria yule mvulana akirudi darasani na jina kama langu, siwezi kurudi kwa ile foleni. Deni la lita 2,000 tunaweza kulilipa Jumamosi baada ya Jumamosi. Langu la Machi hakuna aliyewahi kujua lipo.

Na si ati kazi kubwa haiwezekani bila hizo sura. Rotary imepigana na polio tangu miaka ya 80, pamoja na serikali na mashirika ya afya, na Agosti 2020 Afrika ikatangazwa huru dhidi ya polio-mwitu. Wengi wetu tulipewa yale matone. Tulichobaki nacho ni wino kwa kidole, ukafutika, maisha yakaendelea.

Siku ya tangi, msichana mmoja alinijia akasema, "Nipige na mimi." Nikampiga amesimama kando ya bomba, kifua mbele. Nikaichapisha, nikampelekea mamake. Hiyo picha hamtaiona hapa.

Ombi langu ni dogo. Ukitumia klabu yoyote mia mbili yako, dai risiti, dai kuonyeshwa tangi, hata njoo ulipige teke uone kama lina maji. Sura ya mtoto usidai. Na kama gari lako ni chafu, Jumamosi tuko, mia tatu tu. Tumebakisha lita 2,000.