Vijiko viwili kasoro

Gramu 7.5 za sukari ni vijiko viwili vya chai kasoro kidogo. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho Public Eye, shirika la Uswisi, lilikiripoti Novemba 2025 baada ya kupima nafaka za watoto za Cerelac kutoka nchi 20 za Afrika: mlo mmoja, bidhaa iliyouzwa Kenya, ya mtoto wa miezi sita. Zaidi ya bidhaa tisa katika kila kumi zilikuwa na sukari ya kuongezwa. Kule Uswisi, kwao Nestlé, nafaka za kampuni hiyohiyo za umri huo zinauzwa bila sukari hiyo. Nestlé iliipinga ripoti, ikasema inapotosha.

Niliisoma nikiwa Kigongo kwa mdogo wangu. Zamani aliuza uji wa ulezi na karanga kwa abiria wa kivuko. Juni 2025 Daraja la JP Magufuli likafunguliwa, magari yakaanza kupita kwenda Busisi bila kusimama, na foleni iliyomlisha ikayeyuka. Sasa ana duka, na rafu yake ya juu imejaa makopo ya nafaka za watoto. Hayo ndiyo yenye faida, ananiambia.

Mpwa wangu ana miezi tisa. Uji wa ulezi anautema, wa kopo anaulilia. Nikamsomea mama yake ripoti.

“Kaka, na wewe chai yako vijiko vitatu,” akanijibu.

Kweli, vitatu. Ila mimi nilianza kuonja utamu nikiwa na meno. Mtoto wa miezi sita ndiyo kwanza anafundishwa chakula kina ladha gani, na anayemfundisha ni kiwanda.

Wapo wanaosema mzazi asome maandishi ya kopo. Jamani! Maandishi yale madogo kama chungu, nyuma, wakati mbele kuna mtoto mnene anacheka na orodha ya vitamini. Mama anayenunua kopo Kigongo hanunui uvivu. Ananunua uhakika kwamba mwanawe hatapungukiwa kitu, na madini ya chuma yaliyoongezwa humo si uongo. Ndiyo maana hoja ya “turudi kwenye uji wa bibi” hainitoshi. Ulezi wa bibi haukuwahi kuwa na tangazo.

Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 ilibana utangazaji wa maziwa ya kopo. Uji ukaja nyuma yake, umevaa nguo zilezile.

Ninachotaka ni kidogo: sukari iandikwe mbele, kwa Kiswahili, kwa vijiko. Nilimwambia mdogo wangu hivyo tukiwa dukani. Akapangusa vumbi kwenye kopo moja, akalirudisha rafuni.

“Wakiandika vijiko,” akasema, “mwezi huo kodi ya fremu utanilipia wewe?”