Waliokuja Nyumbani

Januari 1987, jijini Kampala, Christopher Kaleeba alifariki kwa Ukimwi. Mkewe, Noerine, alikuwa mkuu wa shule ya fiziotherapia katika Hospitali ya Mulago, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha wengine namna ya kumshika mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Mume alikuwa masomoni Uingereza alipogundulika, na mke alipomfuata huko aliona watu wasio ndugu wakija kukaa naye, kumsikiliza, kumhudumia. Kampala ya miaka ile ilikuwa nyingine: hata watumishi wengi wa afya waliogopa kumgusa mgonjwa wa namna yake. Kabla mwaka haujaisha, mjane huyo na wenzake 15 walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye virusi na familia zao. Wengi wa wenzake hao walikuwa tayari na virusi, kwa hiyo walikuwa wakijenga nyumba ambayo wao wenyewe wasingekaa humo siku nyingi. Miaka miwili baadaye Theresa Kaijage alianzisha shirika la WAMATA Dar es Salaam, nayo ikaanza vivyo hivyo, kwa watu waliokuwa wakiuguza na kuzika.

Desturi zetu humpa mfiwa ruhusa ya kukaa. Hapiki, hachoti maji, anawekewa uji mbele na wanawake wanaolala naye sebuleni mpaka matanga yaanuliwe. Waanzilishi wale waliondoka mkekani mapema. Tumewasifu sana kwa hilo, na wanastahili, ila sifa zenyewe zimenitia wasiwasi kadiri miaka inavyokwenda. Nitaeleza kwa nini.

Upande wa kwetu, mkoani Kagera, ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania, mwaka 1983. Sisi huzika nyumbani, ndani ya kibanja, kati ya migomba na mibuni. Hesabu ya miaka ile haina haja ya kitabu: ukienda kukata ndizi unawapita ndugu zako, na pengine unawapita wengi kabla hujafika kwenye mkungu uliokomaa. Mama yangu mkubwa, wilayani Muleba, alizika watoto wawili na mkwe mmoja. Parokia ilipotafuta watu wa kujitolea kuwahudumia wagonjwa majumbani, alijiandikisha. Alipoulizwa sababu, alisema kazi yenyewe ameshajifunza bila kutaka, hasara tupu kuiacha.

Alipewa mkoba. Ndani kulikuwa na glovu, sabuni, pamba, bandeji, panadoli, GV, na pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Dawa ya ugonjwa wenyewe haikuwamo, na haikuwamo mikononi mwa yeyote pale wilayani. Alichokuwa nacho ni mikono. Alimwosha mgonjwa, akamgeuza kila baada ya saa chache ili mgongo usichimbike vidonda, akafua shuka kwa jiki, akawaonyesha watoto wa nyumba hiyo namna ya kumnywesha baba yao uji kwa kijiko bila kumpalia. Wanaume aliwanyoa ndevu. Hilo hakufundishwa na semina yoyote. Aliona tu kwamba mwanamume aliyenyolewa anakubali kuonwa na wageni, na asiyenyolewa anageukia ukutani.

Mwisho wa mwezi alitakiwa kupeleka ripoti. Fomu ilikuwa na safu ya idadi ya ziara, safu ya glovu zilizotumika, safu ya waliopewa rufaa. Kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri, binti wa jirani alimjazia. Fomu haikuwa na safu ya waliokufa wakiwa wamenyolewa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ingekuwa ripoti.

Watoto walimwita Bibi Mkoba. Wakubwa walimwamkia kwa heshima na bado wakaangalia anaelekea mji gani, maana alikokatiza kona ndiko kulikokuwa na mgonjwa. Kwa hiyo mkoba ulifariji na ukatangaza kwa wakati mmoja. Yeye alilijua hilo, akawa anautia ndani ya kikapu na kuufunika kwa majani ya mgomba kama anayetoka shamba.

Mwishoni mwa 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Zilichukua muda kufika vijijini, lakini zilifika. Kijana mmoja ambaye ukoo wake ulikwisha kuonyeshana mahali pa kumzika aliamka, akanenepa, akanunua pikipiki, na hadi leo anabeba abiria. Wagonjwa wakawa watu wa kliniki. Kadi, tarehe ya kurudi, foleni asubuhi, kisha kurudi kazini. Siku hizi aliye imara anaweza kuchukua dawa za miezi 3 au hata 6 kwa mara moja, na kwa mtu mwenye shamba na watoto hiyo ni neema kubwa.

Hapo ndipo mama mkubwa alipobaki hana pa kwenda. Wale aliowaogesha walianza kumwomba, kwa adabu, asipite kwao mchana. Mmoja alimwambia, "Shikamoo mama. Wewe ukija kunisalimu, njoo bila kikapu." Alicheka aliponisimulia. Kisha akasema alitamani siku hiyo miaka yote, na sasa imefika hajui afanye nini na saa nne za asubuhi. Nani angempa pole kwa jambo kama hilo? Kifo kimerudi nyuma; ukilalamika utaonekana umekosa akili. Lakini ziara ile ilikuwa imebeba mambo mengi ambayo hayakuwa ugonjwa, na dawa ilipouondoa ugonjwa, yote yaliondoka pamoja. Nyumba zenye wagonjwa wa magonjwa mengine hazikuwahi kuyaonja. Mwenye kisukari aliyekatwa mguu, mtoto mwenye selimundu anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, mzee aliyepooza: mkoba haukuwa wao, kwa sababu mkoba ulikuwa na mradi, na mradi ulikuwa na jina la ugonjwa mmoja.

Basi mama mkubwa naye akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia, na maneno. Hospitali ilimtibu kwa siku zake, ikamruhusu, ikasema afanyiwe mazoezi ya viungo mara kwa mara. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mjini. Kwa mtu wa kubebwa, nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa ya gari la kukodi, na gari lenyewe haliingii kibanjani. Kiti cha magurudumu tulikipata kwa michango. Kilitembea vizuri ukumbini, basi. Njia ya kwetu ina mizizi na mteremko.

Majirani walikuja. Wiki ya kwanza nyumba haikuwa na nafasi ya kukaa. Wiki ya tatu walikuja Jumapili baada ya misa. Kufikia kiangazi walikuwa wanauliza barabarani, "Mama anaendeleaje?" na kuendelea na safari. Sidhani walikuwa na roho mbaya. Tuna vyama vya kuzikana, vina daftari, mweka hazina, turubai, masufuria makubwa na faini kwa asiyefika. Mtu akifa saa tano, saa saba moto unawaka uani na kila mmoja anajua zamu yake. Ugonjwa wa miaka minne hauna mweka hazina. Hauna siku ya kuanua.

Aliyebaki ni mkwe wake, mke wa mtoto wa mwisho, ambaye mumewe alikuwa Mwanza kikazi. Na mwingine mmoja, muuza dagaa, mwanamke aliyewahi kuwa katika orodha ya mama mkubwa, mwembamba wa kutisha enzi hizo. Alikuja siku ambazo mzigo uliisha mapema. Alimfundisha mkwe kuweka mto kati ya magoti, kumvuta mgonjwa kwa shuka badala ya kumshika makwapa, kuupaka mgongo mafuta kabla haujawa mwekundu. Alijua kugeuza kwa kuwa aliwahi kugeuzwa, tena na mikono hiyohiyo iliyolala pale kitandani.

Si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Katika wilaya hiyohiyo, eneo la Nshamba, mpango uitwao Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee fedha kidogo kila mwezi, wengi wao wakiwa bibi wanaolea wajukuu yatima. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea. Fedha hizo hazimgeuzi mtu kitandani. Zinalipia sabuni, na pengine zinamlipa yule anayegeuza. Tanzania Bara tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mikopo ya halmashauri yenye fungu la asilimia 2 kwa ajili yao. Mkopo ni kitu kizuri kwa anayeweza kufungua genge. Mama mkubwa hakuwa wa kufungua genge.

Alifariki alfajiri. Mambo yakaenda kasi na kwa mpangilio ambao hatukuuona miaka yote ya ugonjwa. Kwenye historia ya marehemu walisomwa watoto, wajukuu, jumuiya yake ndogondogo, mwaka wa ndoa. Mkoba haukutajwa. Familia ilipoitwa kuweka mashada, wapangaji wa ratiba walikwenda kwa ngazi za ukoo: wana, wakwe, wajukuu, wapwa. Muuza dagaa alikuwa nyuma, kwenye benchi la wapishi, akimenya ndizi. Hakukuwa na ngazi yake. Nadhani katika mji ule hakuna aliyefiwa kumshinda, ukimwondoa mkwe, na mkwe naye watu walimpa pole ambayo ndani yake mlikuwa na pongezi: sasa utapumzika.

Hakupumzika kwa kuambiwa. Kwa miezi aliamka saa nane na saa kumi, akakaa kitandani, akakosa wa kumgeuza.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na huku kwetu katika maeneo mengi WAVIU washauri, yaani wanaoishi na virusi wanaowashauri wenzao, na waelimishaji waliokuwa wakilipwa na miradi waliambiwa wakae nyumbani. Upande mwingine serikali ilikuwa imezindua, Januari 2024, mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaokusudia kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Naupenda mpango huo kwa sababu moja: unasema wazi kwamba hii ni kazi. Miaka yote tumeiita moyo. Tumechukua huzuni za wajane na za mama waliozika watoto, tukaziendeshea huduma, tukawapa fulana na chakula cha mchana siku ya semina. Noerine Kaleeba alichagua mwenyewe, na alikuwa na taaluma mkononi. Mama mkubwa pia alichagua, nisimwonee. Ila kuchagua kwao kukawa kanuni, na leo aliyeuguza akipoteza mgonjwa wake tunamwangalia kama anayesubiriwa kwingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mkwe. Haikupita hata miezi mitatu, familia ya ng'ambo ya barabara ikapata mgonjwa wa kiharusi, wakaja kumwomba aende akawaonyeshe, na ikiwezekana ashinde naye siku mbili tatu kwa wiki, kwa kuwa yeye ni mzoefu na sasa ana nafasi. Alikataa. Aliwaambia amechoka, anataka alale usiku mzima mpaka mwili usahau. Wazee waliona amekosa utu, na mmoja akamkumbusha marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Muuza dagaa alikwenda badala yake. Alidai nauli, na hela ya siku ya biashara atakayoikosa, mkononi, kabla hajavua viatu. Kijiji kizima kiliinung'unikia bei hiyo. Mimi niliona amedai kidogo.