Walimu wa mwaka wa saba na wa nane

Nimefundisha miaka mingi, na nimeandika vitabu viwili vidogo vya kusoma. Kwa hiyo walinialika Kolwezi, kwenye mkutano wa walimu wa mwaka wa saba na wa nane. Nilizani wataniuliza juu ya vitabu. Lakini kijana mumoja akasimama: «Papa, mutoto wa miaka 13 akiendaka kuosha mawe ku mto, unamurudisha namna gani?»

Mwaka 2019 serikali iliondoa malipo ya masomo ya msingi. Mwaka wa saba ukabaki na malipo, na wengi wanaachia hapo. Nikajibu: mufike kwao mbele jina lifutwe. Mama mwalimu akacheka: «Na pesa ya teksi, Papa?» Basi tukaandika, mtaa kwa mtaa, nani anakaa karibu na nani.